Kungwi wa Utumboni

Kwa siku nane mfululizo, usiku na mchana, kila baada ya saa moja, kuna mtu aliyenyanyuka katika maabara moja mjini Berlin kumnywesha maziwa simbilisi mchanga. Simbilisi huyo alifungiwa ndani ya chombo cha kioo. Hewa aliyoivuta ilichujwa kwanza. Maziwa yake yalitakaswa kwa joto mpaka kisibaki ndani yake kitu kilicho hai. Mwenyewe hakuzaliwa kama wenzake: alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kisu, maana angepita njia ya uzazi angeokota vijidudu vya kwanza vya maisha yake kabla hata hajavuta pumzi.

Mwaka ulikuwa 1895. Waliokesha ni George Nuttall, Mmarekani, na Hans Thierfelder, Mjerumani. Siku ya nane walimuua mnyama wao, wakatoa yaliyomo utumboni, wakayatazama kwa hadubini, kisha wakayaotesha. Hakikuota kitu. Kwa mara ya kwanza katika historia mnyama mwenye uti wa mgongo alikuwa ameishi, amekula na kuongezeka uzito bila bakteria hata mmoja mwilini.

Swali walilolijibu lilikuwa limeachwa na Louis Pasteur miaka 10 kabla. Mwaka 1885 mwanasayansi huyo wa Ufaransa alieleza kwamba angependa kuona mnyama mchanga akilishwa tangu kuzaliwa chakula kisicho na kijidudu chochote, na akasema wazi kuwa alitarajia mnyama huyo hataweza kuishi. Pasteur alifariki Septemba 1895, mwaka uleule wa simbilisi wa Berlin. Nuttall na Thierfelder wakatangaza kwamba bakteria wa tumboni si wa lazima kwa uhai.

Jibu lao lilikuwa sahihi. Ila walichopima ni kama mnyama anaishi. Hawakuuliza ni mnyama wa namna gani anayeishi hivyo, wala hawakutazama kilichomo ndani ya ukuta wa utumbo wake. Ilichukua zaidi ya nusu karne mtu kufanya hivyo, na karne nzima na ziada kuelewa alichokiona. Historia ninayoisimulia ni ya kuchelewa huko.

Kwanza tuutazame huo ukuta. Kati ya kinyesi na damu, ndani ya utumbo wa mtu, kuna tabaka moja tu la seli. Moja. Juu yake kuna ute, na upande wa pili wa ute kuna umati. Watafiti waliofanya hesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi, ilhali seli zake mwenyewe ni trilioni 30 hivi, na karibu bakteria wote hao wanakaa kwenye utumbo mpana. Chini ya lile tabaka moja, upande wa damu, wamejipanga askari wa kinga kwa wingi usiopatikana mahali pengine mwilini. Mwaka 1677 daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliandika juu ya mabaka aliyoyaona kwenye utumbo mwembamba, akadhani ni tezi za kutoa maji ya kusagia chakula. Kumbe alikuwa ameona kambi za askari. Mabaka hayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo.

Sasa fikiria hali hiyo. Askari wengi kuliko popote, wageni wengi kuliko popote, na kati yao ukuta mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kwa nini hakuna vita kila dakika? Na wakati huohuo, kwa nini kipindupindu au homa ya matumbo ikiingia, askari walewale huinuka na kupigana? Wanajuaje nani ni nani?

Mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kulijibu swali hilo alikuwa Élie Metchnikoff, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Ukraine. Mwaka 1882, akiwa Messina kisiwani Sisilia, alichukua kichanga cha kiti cha pweza, kiumbe ambaye mwili wake unapenyeka kwa macho kama kioo, akamchoma mwiba. Kesho yake alfajiri alikuta seli zimeuzunguka ule mwiba zikijaribu kuumeza. Ndipo elimu ya seli za kinga ilipoanzia, na mwaka 1908 ikampatia Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Baadaye, akiwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akageukia bakteria wa tumboni. Aliamini kwamba utumbo mpana ni shimo la uozo, kwamba bakteria wake hutoa sumu zinazomzeesha mtu kabla ya wakati, na kwamba dawa ni kunywa maziwa yaliyoganda, kama wakulima wa Bulgaria. Yeye mwenyewe aliyanywa kila siku.

Huwa nahuzunika kidogo ninapomsoma Metchnikoff. Askari aliwajua kuliko mtu yeyote wa zama zake. Bakteria wa utumboni aliwachunguza kwa miaka. Alikuwa ameshika ncha zote mbili za kamba na hakuzifunga. Kwake bakteria waliobaki tumboni walikuwa adui wa kupunguzwa, na fikra hiyo ilienea kiasi kwamba London daktari mpasuaji maarufu, William Arbuthnot Lane, aliwatoa baadhi ya wagonjwa wake utumbo mpana wote kwa sababu ya kufunga choo. Mtoto wa simbilisi wa Berlin alikuwa amesema tunaweza kuishi bila wageni hao. Watu wakaona basi na waondoke.

Aliyeturudisha kwenye njia alikuwa kijana wa Chicago, mtoto wa fundi wa mitambo. James Arthur Reyniers alianza kazi mwaka 1928 kwenye Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, akiwa na umri wa miaka 20. Kazi ya kioo na mpira wa kubana haikumtosha. Yeye alikulia kwenye karakana, basi akafikiri kwa chuma. Alitengeneza mapipa makubwa ya chuma yanayofungwa yasivuje, yakapikwa kwa mvuke wa moto wenye shinikizo, yakawekwa vidirisha vya kuchungulia na mikono mirefu ya glavu za mpira iliyoshonewa ubavuni. Mtu alisimama nje, akapenyeza mikono kwenye glavu, akafanya kazi ndani bila ngozi yake kugusa hewa ya ndani. Panya mama alipasuliwa, watoto wakapitishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu hadi ndani ya pipa, wakakaushwa, wakalishwa kwa mkono tone kwa tone, saa baada ya saa. Wengi walikufa. Mvuke uliotakasa chakula uliua pia vitamini, ikabidi mapishi yapangwe upya. Kule Lund, Sweden, Bengt Gustafsson naye alihangaika na kazi hiyohiyo, na ndiye aliyeonyesha kwamba panya asiye na bakteria akinyimwa vitamini K kwenye chakula huvuja damu, ilhali panya wa kawaida hana shida, kwa kuwa bakteria wa tumboni humtengenezea.

Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1940, Reyniers na wenzake walikuwa na panya wanaozaa na wajukuu wanaozaa, wote ndani ya chuma, hakuna kijidudu. Muongo uliofuata Philip Trexler, wa Notre Dame pia, akabuni mahema ya plastiki badala ya mapipa. Kazi ikawa rahisi, na panya wa namna hiyo wakaenea kwenye maabara za dunia.

Na sasa watu wakawafungua na kutazama ndani.

Panya aliyelelewa bila bakteria si mgonjwa kwa kumtazama. Anakimbia, anakula, manyoya yanang'aa. Lakini kifuko kilichopo mwanzo wa utumbo mpana kimevimba mara kadhaa ya kawaida, kimejaa maji. Kuta za utumbo ni nyembamba. Mabaka ya Peyer ni madogo, yamesinyaa kama vituo vya jeshi vilivyojengwa vikakosa askari. Tezi za limfu za tumboni nazo ni hivyohivyo. Na kijidudu kidogo cha maradhi ambacho panya wa kawaida angekishinda kinaweza kumuua. Lakini mtoe kizimbani, mweke pamoja na panya wa kawaida, ale mavi yao kama panya walavyo, na ndani ya siku na wiki chache ukuta wa utumbo wake utaanza kujaa askari.

Kwetu mwali hazaliwi anajua. Hufundwa, na anayemfunda ni kungwi. Yaliyoonekana kwa panya hao yalisema jambo la aina hiyo juu ya seli za kinga: mwili unazizaa, lakini mafunzo yao ya utumboni yako mikononi mwa mwingine.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulitoka Ubelgiji. Joseph Heremans wa Leuven alikuwa miongoni mwa waliotambua, mwaka 1959, aina ya kingamwili inayoitwa IgA. Baadaye ilijulikana kuwa ndiyo inayomwagwa kwa wingi kwenye machozi, mate, maziwa ya mama na juu ya ukuta wa utumbo. Hukaa kwenye ute, huwavaa bakteria kama kanzu na kuwazuia wasiusogelee ukuta. Mwaka 1968 Crabbé, Bazin, Eyssen na Heremans walichapisha hesabu yao: panya wasio na bakteria walikuwa na seli chache mno za kutengeneza IgA utumboni, na walipopewa bakteria wa kawaida seli hizo ziliongezeka hadi kufikia wenzao. Hapakuwa na ugonjwa wowote uliowapata panya hao. Wageni wa kila siku, wasiomdhuru mtu, ndio walioziamsha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Watu walijua bakteria kwa jumla wanaijenga kinga kwa jumla. Yupi kati ya mamia anayefundisha nini, hakuna aliyejua, na wengi wao hawakukubali kuota kwenye vyombo vya maabara.

Jibu la kwanza lilianzia kwenye kero. Dan Littman na Ivaylo Ivanov, wa Chuo Kikuu cha New York, walikuwa wakichunguza seli T za aina mpya, zilizotambuliwa mwaka 2005 na kuitwa Th17. Seli T huzaliwa kwenye uboho na kupata mafunzo ya awali kwenye tezi ya thaimasi, kifuani. Zikitoka hapo hujua kusoma lakini bado hazijapewa kazi. Zile zinazogeuka Th17 hupewa kazi ya kulinda mipaka: huita askari wa haraka, huimarisha ukuta, hupigana na bakteria na kuvu. Zikizidi huleta maradhi ya mwili kujishambulia, kama ugonjwa wa ngozi wa soriasisi.

Watafiti hao waligundua kwamba Th17 zimejaa kwenye utumbo mwembamba wa panya mzima asiye na ugonjwa. Kisha wakaona kitu cha ajabu. Panya walionunuliwa kwa mfugaji mmoja wa Marekani, Taconic, walikuwa nazo tele. Panya wa Jackson, mfugaji mwingine, walikuwa nazo chache. Ni panya weusi wa ukoo mmoja, wanaofanana jeni kama pacha. Maabara nyingi duniani zilikuwa zikiwatumia kana kwamba ni kitu kilekile.

Wakawaweka pamoja kwenye kizimba kimoja. Panya hula mavi ya wenzao, na ndani ya wiki chache panya wa Jackson nao wakawa na Th17. Kwa hiyo kilichokosekana kilikuwa ndani ya mavi. Walipolinganisha bakteria wa makundi mawili, jina moja lilijitokeza: bakteria wa nyuzi wenye pingili, anayejulikana kwa kifupi SFB.

Unapomtazama kwa hadubini ya elektroni huwezi kumsahau. Ni uzi mrefu wenye pingili kama za muwa, umesimama wima kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na ncha yake ya chini imechongoka. Ncha hiyo huusukuma utando wa seli ya mwenyeji mpaka kibaki kibonyeo, bila kuutoboa. Bakteria wengine wanaelea kwenye ute. Huyu anabisha hodi mlangoni kabisa.

Tatizo ni kwamba wakati huo hakuna aliyeweza kumwotesha nje ya mnyama. Ila huko Tokyo Yoshinori Umesaki, wa taasisi ya utafiti ya kampuni ya Yakult, alikuwa kwa miaka mingi akitunza panya ambao ndani yao hakuna bakteria mwingine yeyote isipokuwa huyu. Yakult ilianza na kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria, kilichoingia sokoni Japani mwaka 1935, katika zama ambazo fikra za Metchnikoff juu ya maziwa mgando bado zilikuwa hai. Kwa hiyo kamba ambayo mzee wa Paris hakuifunga ilifungwa kwa mkono wa warithi wa maziwa yake. Likisaidiana na Umesaki, na mtafiti mwingine wa Kijapani aitwaye Kenya Honda (Kenya hapa ni jina la Kijapani, halitokani na nchi yetu jirani), kundi la New York likamwingiza SFB peke yake kwenye panya asiye na kijidudu. Th17 zikatokea. Panya hao pia walistahimili vizuri zaidi kijidudu kinachowaharisha panya. Makala ikatoka mwaka 2009, na mwaka huohuo kundi la Nadine Cerf-Bensussan mjini Paris lilifika palepale kwa njia yake.

Bakteria mmoja, aina moja ya askari. Kwa fani nzima hilo lilikuwa kama kuwashiwa taa.

Lakini taa hiyo ilionyesha na kona ya kutisha. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walionyesha kwamba panya wenye jeni za kuugua baridi yabisi, wakilelewa bila bakteria, ugonjwa hupungua sana, na SFB akiingia peke yake viungo huvimba. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha hivyohivyo kwa ugonjwa wa kupooza unaofanana na ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu wa binadamu. Kungwi anayefundisha vita tu huacha nyumba bila amani. Basi nani hufundisha utulivu?

Seli za utulivu zilikuwa zimeshajulikana. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua mwaka 1995: seli T ambazo kazi yao ni kuwazuia wenzao wasizidishe. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, nchini Marekani, wakaipata jeni inayozitawala, Foxp3, na mwaka 2025 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Utumbo mpana umejaa seli hizo. Kwenye panya asiye na bakteria ni chache.

Honda aliamua kumtafuta mwalimu wao. Alichukua kinyesi cha panya akakimiminia klorofomu. Klorofomu huua bakteria wote isipokuwa wale wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu zinazoitwa spora. Kilichobaki akawapa panya wasio na kijidudu, na seli za utulivu zikajaa kwenye utumbo mpana. Mwaka 2011 akatangaza kwamba aina 46 za bakteria wa jamii ya Klostridiamu zinatosha kwa kazi hiyo. Jamii hiyo ina jina baya, maana pepopunda inatoka kwa ndugu yao mmoja. Mwaka 2013 akapata aina 17 kutoka kinyesi cha binadamu, zinazofanya kazi pamoja. Tangu 2005 Dennis Kasper na Sarkis Mazmanian walikuwa wameonyesha kitu cha karibu na hicho: sukari moja iliyo juu ya ngozi ya bakteria Bacteroides fragilis inaweza kusawazisha seli T za panya aliyelelewa bila vijidudu.

Wanafundishaje? Hapa historia inapitia Kampala.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa miaka 20, zaidi katika Hospitali ya Mulago. Alikuwa na jicho moja tu, jingine lilipotea utotoni. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Aliporudi Uingereza aliondoka na jambo jingine kichwani: magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za London hakuwa akiyaona Mulago. Rafiki yake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda, alikuwa ameona hivyohivyo. Burkitt akafanya kitu ambacho madaktari wa hadhi yake hawakuwa wakifanya. Akapima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo: mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi, ilhali askari wa majini wa Uingereza alitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa siku tatu na zaidi. Tofauti, alisema, ni makapi: nyuzinyuzi za mahindi, mtama, maharage, viazi na mboga, ambazo mkate mweupe umeshavuliwa.

Burkitt alifikiri zaidi juu ya uzito na mwendo. Kilichofanyika ndani hakukijua. Mwaka 1980 W. E. W. Roediger alionyesha kwamba seli za ukuta wa utumbo mpana hupendelea kuchoma asidi moja fupi, butireti. Binadamu hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi nyingi. Bakteria wanacho, na Klostridiamu za Honda ni miongoni mwa wapishi wakubwa wa butireti. Mwaka 2013 makundi matatu, ya New York, Boston na Japani, yalitoa jibu karibu kwa pamoja: asidi hizo fupi, zikipenya ukutani, huziongeza seli za utulivu. Butireti hukizuia kimeng'enya kinachoikunja DNA, jeni ya Foxp3 hubaki wazi, na seli T changa hushika njia ya utulivu.

Kwa maneno mengine, makapi ya maharage huwa ujumbe. Mtu hula, bakteria hutafsiri, seli ya kinga husoma.

Nimeishia kuona kwamba Burkitt alikuwa karibu na jambo kubwa kuliko alilodhani. Na nasikitika kwamba vijiji alivyovipima vilihesabiwa kama mahali pa kuchukulia takwimu, si mahali penye elimu ya chakula inayostahili kutunzwa.

Wakati nao una neno. Mwaka 2012 kundi la Richard Blumberg la Boston lilionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria hurundika seli fulani za kinga kwenye utumbo na mapafu, na huugua vibaya uvimbe wa utumbo na pumu. Ukiwapa bakteria wakiwa wachanga, hali hutengemaa. Ukiwapa wakiwa wakubwa, haitengemai. Mwaka 2019 Gérard Eberl na wenzake wa Taasisi ya Pasteur walionyesha kwamba panya wanapoachishwa ziwa, bakteria huongezeka kwa ghafla na kinga ya utumbo huchemka kwa muda mfupi. Mchemko huo ukizuiwa kwa antibiotiki katika siku hizohizo, mnyama hubeba deni: utumbo wake huwa mwepesi kuvimba ukubwani. Ni panya, na mtoto wa binadamu si panya. Hata hivyo tunajua kwamba dang'a na maziwa ya mama hubeba IgA iliyotengenezwa na seli zilizofundwa utumboni mwa mama, na kwamba maziwa hayo yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zipo kwa ajili ya bakteria wake. Ukitafakari, mama ananyonyesha wawili.

Kwa hiyo mzazi anayeisoma hii nampa ombi moja: antibiotiki ya mtoto mchanga iandikwe na daktari, imalizwe kama ilivyoandikwa, wala isinunuliwe dukani kwa kubahatisha kila anapokohoa. Inapohitajika huokoa maisha. Isipohitajika hupitia darasani na kuwatoa walimu.

Namalizia Moshi, chini ya mlima. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC, wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya, wakaona kwamba wanaoishi mjini wana damu ambayo seli zake za kinga ziko tayari zaidi kuwaka kuliko za wa vijijini, na chakula kilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2025 wakachapisha jaribio. Walikuwa wanaume 77. Waliozoea chakula cha kienyeji, chenye mboga za majani, jamii ya kunde na nafaka isiyokobolewa, waliwekwa wiki mbili kwenye chakula cha kisasa kilichosindikwa. Waliozoea cha kisasa waliwekwa wiki mbili kwenye cha kienyeji. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, ile pombe ya Wachaga ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, inayochachushwa na vijidudu hai.

Jaribio lilipima hasa damu, wala halikukata kipande cha utumbo kuhesabu seli. Lakini lilichoonyesha kinalingana na yote yaliyotangulia. Kwa waliohamia chakula cha kisasa, protini zinazoonyesha kinga kuwaka zilipanda, na seli zao nyeupe zikawa nzito kuwajibu vijidudu vya maradhi. Kwa waliohamia cha kienyeji, na kwa waliokunywa mbege, dalili za kuwaka kwa sehemu kubwa zilishuka. Wiki nne baada ya kila mtu kurudi kwenye chakula chake cha kawaida, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo kwenye damu yao.